Msaada ukikoma, programu haizimiki

Wengi wakisikia kampuni imeacha kuhudumia programu ya zamani, hudhani kesho yake haitafunguka. Sivyo. Bare Bones Software, kampuni ndogo ya Massachusetts, Marekani, iliistaafisha TextWrangler, programu yake ya kuhariri maandishi kwenye kompyuta za Mac, mwaka 2017 na kuwaelekeza watumiaji kwenye BBEdit, programu yake nyingine ya kazi hiyo. Waliokuwa nayo waliendelea kufungua na kuhifadhi mafaili yao kama kawaida. Kilichokoma ni marekebisho: hitilafu ikijitokeza, hakuna wa kuiziba. Pigo lenyewe lilitoka kwa Apple, Oktoba 2019, macOS Catalina, toleo jipya la mfumo endeshi wa Mac, ilipokataa programu zote za biti 32 (zilizoundwa kwa mtindo wa zamani), TextWrangler ikiwemo. Hata hapo, ambaye hakusasisha mashine yake hakupoteza kitu. Programu inayotegemea seva (kompyuta ya mtandaoni) ya kampuni, hiyo ni habari nyingine: seva ikizimwa, imekwisha, hata kama ulilipa.