Mafuta Yakimwagika Ardhini, Bakteria Wanahitaji Hewa

Dizeli au petroli ikimwagika ardhini, kazi ya kuisafisha huanza yenyewe. Bakteria wanaokula mafuta tayari wamo udongoni, kwa hiyo ni nadra sana kulazimika kuwanunua. Wanachokosa ni hewa.

Piga hesabu. Gramu 1 ya benzini, kemikali ya sumu iliyomo kwenye petroli, huhitaji takribani gramu 3 za oksijeni ili iishe kabisa. Lita moja ya maji ya chini ya ardhi, hata yakiwa safi, kwa kawaida haibebi zaidi ya miligramu 10 za oksijeni. Hiyo inamaliza miligramu 3 tu za benzini. Baada ya hapo bakteria wengine hushika zamu: badala ya oksijeni wanatumia naitreti, kisha chuma kilichomo udongoni, kisha salfeti, na mwisho hubaki wale wanaotoa gesi ya methani. Mafuta bado yanaliwa, ila polepole mno. Ndiyo maana maji ya kisima kilicho katikati ya uchafu huwa na chuma kingi kilichoyeyuka, na pengine hunuka yai viza. Harufu hiyo inakera, lakini ni dalili kwamba kazi inaendelea.

Kabla ya yote, ziba panapovuja na uyanyonye mafuta yanayoelea juu ya maji. Bakteria hawawezi kumaliza dimbwi linaloongezwa kila siku.

Udongo wa juu ni rahisi zaidi. Utandaze juu ya plastiki nene, kina kisizidi sentimita 30, na uugeuze kila wiki moja au mbili. Kamua konzi moja: ukishikamana bila kuchuruza maji, unyevu unatosha, ukichuruza, matundu yake yamejaa maji na hewa haipiti. Tani 1 ya udongo yenye kilo 5 za mafuta huhitaji takribani gramu 900 za mbolea ya urea na fosforasi kidogo, kuwalisha bakteria. Igawe mara tatu au nne. Ukiimwaga yote siku moja, amonia itawaua bakteria haohao, na naitreti itakayobaki itashuka majini.

Kwa maji ya chini, chimba visima vya kupimia: kimoja upande maji yanakotoka, viwili au zaidi ndani ya uchafu, na kimoja mbele yake, kabla ya kuwafikia watumiaji. Pima kila miezi 3 kwa angalau miaka 2, kwani masika maji hupanda na kuyagusa mafuta yaliyonata juu. Kipimo kimoja kilichoshuka huenda ni mvua tu imezimua maji.

Metali kama risasi na kadimiamu haziliwi na bakteria yeyote. Viyeyusho vyenye klorini, yaani kemikali za kuyeyusha grisi, vina hatari nyingine: kimojawapo, trikloroethilini, kikivunjwa nusu huacha vinili kloridi, inayosababisha saratani, hivyo kusubiri tu hakufai.

Muda wote huo maji hayo yasinywewe. Kuchemsha hakusaidii: benzini hutoka na mvuke, na walio jikoni ndio watakaoivuta.