Duka la Dawa Muhimu Mtwara na Lindi: mtoa dawa kwanza, mzigo mwisho

Waombaji wengi wa kibali cha Duka la Dawa Muhimu (DLDM) huanza mwisho. Hupanga fremu, huchongesha makabati, hununua dawa, ndipo huenda kwa mfamasia wa halmashauri kuuliza utaratibu. Wakati huo kodi inakimbia, maboksi yamekaa chini ya bati la moto, na mkaguzi akifika anakuta chumba hakifai. Tena dawa za biashara kukaa kwenye jengo lisilosajiliwa ni kosa kisheria. Kwa anayetaka kufungua duka Tandahimba, Nachingwea, Kilwa au kwingineko kusini, mpangilio salama ni huu: mtu, jengo, kibali, halafu mzigo.

Mpango wa DLDM ulianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, ambayo mengi yaliuza antibayotiki kwa kificho na muuzaji hakuwa na mafunzo. Leo wahudumu na majengo viko chini ya Baraza la Famasi kwa Sheria ya Famasi ya 2011. Usajili na ubora wa dawa ni kazi ya TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Duka la ngazi hii huuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari, pamoja na orodha fupi ya dawa za cheti, zikiwemo amoksilini na dawa mseto ya malaria (ALu). Orodha ya sasa ichukuliwe kwa mfamasia wa halmashauri, ibandikwe ukutani. Dawa kali za maumivu kama mofini, pethidini na tramado hazina nafasi katika duka hili hata mteja akija na cheti. Huyo aelekezwe hospitali.

Vijana walioona mitandaoni maduka ya bangi ya Kanada, ambako yameruhusiwa kisheria tangu Oktoba 2018, huuliza kama leseni ya namna hiyo inapatikana hapa. Haipo. Kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, kulima, kumiliki au kuuza bangi ni jinai, na anayekuomba ada akutafutie kibali hicho anakuibia.

Turudi kwenye mtu. Mtoa dawa lazima awe na cheti cha mafunzo kinachotambuliwa na Baraza. Mhakiki kabla ya kulipia fremu: tazama cheti chake halisi, uliza kama jina lake halijatumika tayari kwenye duka lingine, na mwandikie mkataba. Vijijini ndiko wanakopatikana kwa shida, kwa hiyo tafuta mapema. Kosa tunalolikuta sana kwenye ukaguzi ni cheti cha mtu mmoja kuning'inia ukutani huku anayehudumia ni mpwa wa mwenye duka ambaye hajui kusoma dozi. Mtoa dawa akisafiri, dawa zisiuzwe. Mwenye mtaji anayeona agizo hili kali afikirie tu mtoto wa kilo saba akipewa dozi ya mtu mzima.

Jengo liwe la kudumu, lenye sakafu ya saruji, dari, maji ya kunawia, mlango imara na sehemu ambayo mgonjwa anaweza kueleza shida yake bila foleni nzima kusikia. Dari ndiyo watu huiona anasa, na ndiyo inayookoa mtaji. Dawa nyingi hutakiwa kukaa chini ya nyuzi 30, na chumba cha bati lisilo na dari Mtwara hupita hapo mchana bila shida. Nunua kipimajoto, andika kiwango asubuhi na saa nane mchana. Kikipita 30, fungua matundu ya hewa juu ya ukuta, weka feni, hamisha kabati lililo upande wa jua la magharibi. Unyevu wa pwani nao una kazi yake: aspirini iliyopata unyevu hutoa harufu ya siki kwa sababu imeanza kuvunjika, na pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha, huganda. Kopo la vidonge 1,000 lifunikwe kila baada ya kuhesabu, na kile kifuko cha kukausha kibaki ndani. Maboksi yainuliwe sentimita 10 kutoka sakafuni na yaachane na ukuta kwa sentimita 30, mchwa na unyevu vionekane mapema.

Karatasi zenyewe si ngumu. Namba ya mlipakodi (TIN) kutoka TRA, jina la biashara kutoka kwa wakala wa usajili BRELA, fomu za maombi kupitia mfamasia wa halmashauri, ukaguzi wa jengo, kibali cha Baraza, leseni ya biashara ya halmashauri. Kibali huhuishwa kila mwaka. Kabla ya kusaini mkataba wa fremu mwombe mfamasia athibitishe kwamba umbali wake na maduka jirani unakubalika. Fremu nzuri iliyo karibu mno na duka lingine itakataliwa.

Mzigo ununuliwe kwa muuzaji wa jumla mwenye kibali, kwa ankara inayoonyesha jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Mwenye begi anayepita na bei ya chini usimpokee. Dawa yenye alama ya GOT ni mali ya Serikali. Ikikutwa kwako ni kesi, hata kama hukujua imetoka wapi. Dawa inayotoka polepole isinunuliwe ikiwa imebakiza chini ya mwaka mmoja. Inayoisha muda mapema ndiyo ikae mbele kabatini, hata kama ndiyo iliyoingia jana.

Kiasi cha akiba kikokotoe hivi: mauzo ya wiki, mara wiki za kusubiri mzigo, ukiongeza wiki mbili za dharura. Ukiuza dozi 12 za ALu kwa wiki na mzigo huchukua wiki mbili, agiza ukibakiwa na dozi 48. Wiki hizo za dharura zina sababu. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi eneo la Somanga, na aliyeagiza kwa kubahatisha akabaki na kabati tupu. Mvua hizohizo ndizo huja na malaria, tena miezi ambayo fedha za korosho zimeshakwisha mifukoni. Basi weka akiba ya ALu, ORS na zinki kuanzia Novemba, fedha zikiwa bado zinazunguka.

Upungufu huo wa fedha ndio huzaa ombi la "nipe vya elfu moja tu". Usikate dozi. Homa ikapimwe kwanza kituo cha afya, malaria ikithibitika, uliza: "Mama, mtoto ana kilo ngapi?" Asipojua, mpime, mizani iwepo dukani. ALu ya kawaida, kilo 5 hadi chini ya 15, ni kidonge kimoja kila mara, jumla 6. Chini ya 25 ni viwili, jumla 12. Chini ya 35 ni vitatu, jumla 18. Kuanzia 35 ni vinne, jumla 24. Dozi ya pili humezwa yakipita masaa manane tangu ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili, pamoja na chakula. Mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyelegea asiuziwe chochote. Apelekwe kituo mara moja. Kwa mtoto anayeharisha, zinki ni miligramu 20 kwa siku kwa siku 10, na miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi sita, pamoja na ORS.

Dawa zilizoisha muda ziondolewe kabatini siku hiyohiyo, ziandikwe kwenye rejesta, zifungiwe kwenye boksi lenye maandishi mekundu "HAZIUZWI", na mfamasia wa halmashauri aarifiwe ili ziteketezwe kwa utaratibu. Kuzitupa jalalani au chooni hairuhusiwi.