Nani anamhamisha padre wa Roho Mtakatifu: askofu au Mkuu wa Kanda?

Paroko akihamishwa kutoka parokia inayohudumiwa na Shirika la Roho Mtakatifu, waumini huandika barua kwa Baba Askofu. Mara nyingi barua hizo zimekosea mlango. Mwenye herufi C.S.Sp., kifupi cha jina la shirika hilo kwa Kilatini, nyuma ya jina lake ni mtawa, na mtawa ana wakubwa wawili: askofu anasimamia kazi anayoifanya jimboni, na Mkuu wa Kanda, yaani kiongozi wa shirika katika nchi au eneo fulani, anamsimamia yeye mwenyewe, nadhiri zake na nyumba anayolala. Mpaka kati ya mamlaka hizo mbili haukuwapo tangu mwanzo. Umechukua zaidi ya miaka mia moja kuchorwa, na historia yake inaeleza migongano mingi tunayoiona leo.

Shirika lilianzishwa Paris mwaka 1703 na Claude Poullart des Places. Mwaka 1848 liliungana na lile la Francis Libermann, na huo muungano ndio ulioligeuza macho kuelekea Afrika. Zanzibar, aliyetangulia ni Padre Fava kutoka Réunion mwaka 1860, ambaye hakuwa wa shirika hili. Wana wa Roho Mtakatifu walipokea misheni mwaka 1863 chini ya Antoine Horner, wakavuka kwenda Bagamoyo mwaka 1868, na huko wakajenga kijiji cha watumwa waliokombolewa. Mwaka 1872 kimbunga kiliwabomolea majengo wakaanza upya. Wakati huo hakuna aliyeuliza mkuu wa misheni ni nani na mkuu wa watawa ni nani, kwa sababu padre wa jimbo hakuwapo hata mmoja.

Mwaka 1883 eneo likawa Vikariati ya Kitume ya Zanguebar, yaani eneo la misheni lenye askofu lakini ambalo bado si jimbo kamili, na Raoul de Courmont akawa askofu wa kwanza. Kuanzia hapo ukatumika utaratibu ambao Roma iliuita ius commissionis: eneo linakabidhiwa shirika, na shirika linatoa mapadre, mabruda, fedha, na kwa kawaida askofu mwenyewe. Ndiyo maana orodha ya maaskofu wa zamani wa Bagamoyo, Kilimanjaro na Nairobi inasomeka kama orodha ya wanashirika. Vikariati ikamegwa: Bagamoyo ikajitegemea mwaka 1906 chini ya François-Xavier Vogt, Kilimanjaro mwaka 1910 chini ya Aloys Munsch. Vipande vingine vilikabidhiwa mashirika mengine: Wabenediktini upande wa kusini tangu 1887, baadaye Wapasionisti Dodoma na Warosmini Tanga.

Baada ya vita ya 1914–18 kikaja kitu ambacho wengi hawakitilii maanani, nacho kwangu ndicho ufunguo wa mambo yote. Misheni zikagawanywa kufuata kanda za shirika za Ulaya na Marekani. Kilimanjaro ilipata maaskofu wa Ireland, Gogarty kisha Byrne, na baadaye Wamarekani wakaingia kwa wingi. Bagamoyo, ambayo mwaka 1953 ikawa Jimbo la Morogoro, ikawa ya Waholanzi: Hilhorst, halafu van Elswijk. Ukitaka kujua kwa nini misheni mbili za shirika moja zilipata wafadhili tofauti na hata majengo yasiyofanana, uliza kwanza fedha zilitoka kanda gani ya ng'ambo. Misheni ya namna hiyo iliitwa distrikti, yaani tawi linalotegemea mapadre wa kanda nyingine. Kanda kamili ni ile inayolea vijana wake yenyewe: leo ya Tanzania ina novisiati, nyumba ya malezi ya watawa wapya, Magamba, Lushoto, na seminari Njiro, Arusha.

Joseph Kilasara, Mtanzania na mwanashirika, alikuwa Askofu wa Moshi kuanzia 1960. Aliyemfuata, Joseph Sipendi, hakuwa wa shirika. Mwaka 1969 Roma ikaifuta ius commissionis kwa majimbo, na tangu hapo shirika linafanya kazi jimboni kwa makubaliano, kama mgeni mwenye mkataba.

Mkataba huo ndio penye uzito. Kanuni ya 520 ya Sheria za Kanisa inadai makubaliano ya maandishi kati ya askofu na mkuu wa shirika kabla parokia haijakabidhiwa: kazi gani, watu wangapi, fedha zinakwendaje, na kama ni kwa muda maalumu au kwa kudumu. Kumweka paroko, Kanuni ya 682 inasema Mkuu wa Kanda anapendekeza au anakubali, askofu anateua. Kumwondoa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: yeyote kati yao aweza kumwondoa baada ya kumjulisha mwenzake, wala hahitaji ridhaa yake. Kwa hiyo barua ya waumini ikitaka kufika inakotakiwa, ipelekwe kwa wote wawili. Nyumba ya watawa ni jambo jingine: kuifungua kunahitaji idhini ya askofu kwa maandishi, lakini kuifunga ni uamuzi wa Mkuu wa Shirika duniani baada ya kushauriana na askofu.

Yanayoharibika kwa kawaida ni mawili, ardhi na gari. Parokia za zamani zilijengwa enzi ambazo shirika na vikariati vilikuwa kitu kimoja, basi hati ikasomeka "misheni" tu. Leo jimbo lina wadhamini wake waliosajiliwa, shirika lina wa kwake, na shamba la migomba lipo katikati. Mkataba unaokabidhi parokia bila kuambatanisha ramani ya viwanja umeacha ugomvi kwa watakaokuja. Gari nalo: marafiki wa Ulaya wametuma fedha kwa padre fulani. Sheria inachukulia kwamba alichopewa kiongozi wa taasisi ya Kanisa amepewa kwa niaba ya taasisi, isipokuwa ionekane vinginevyo, na anachopata mtawa kwa kazi yake ni mali ya shirika lake. Kama barua ya mfadhili haisemi gari ni la parokia au la jumuiya, padre akihama gari litavutwa pande mbili. Dawa ni sentensi moja katika barua, na daftari mbili za fedha zisizochanganywa, ya parokia na ya nyumba ya watawa.

Mkuu wa Kanda naye si mfalme. Lazima awe na nadhiri za daima, ana muhula wenye mwisho, ana baraza la washauri, na mhazini wa kanda hapaswi kuwa yeye. Juu yake upo mkutano mkuu wa shirika, ambao humchagua Mkuu wa Shirika. Mwaka 2012 wajumbe walikutana Bagamoyo wakamchagua John Fogarty wa Ireland, na mwaka 2021 wakarudi hapo hapo wakamchagua Alain Mayama wa Kongo-Brazzaville.