Kapoeira: ni ngoma au ni mapigano?

Watu wawili wamo katikati ya duara. Mmoja anazungusha teke linalopita kasi usawa wa sikio la mwenzake. Mwenzake anainama, anaweka kiganja chini, anapinduka miguu juu, na kabla hajasimama sawasawa naye amesharusha la kwake. Pembeni watu wanapiga makofi na kuimba kwa Kireno. Mwamuzi hayupo, pointi hazihesabiwi, na wakimaliza wanapeana mikono bila mtu kutangazwa mshindi. Hiyo ndiyo kapoeira ya Brazili, na anayeiona mara ya kwanza hakosi kuuliza: hawa wanacheza au wanapigana?

Kwa maoni yangu, kapoeira ni mchezo wa mapigano unaoongozwa na ngoma. Ukiondoa ngoma haibaki kapoeira, na ukiondoa hatari haibaki vilevile. Kama unachotaka kujua ni iwapo itakuokoa ukivamiwa kichochoroni, hilo ni swali jingine, na jibu lake linamtegemea zaidi aliyekufundisha na namna alivyokufundisha.

Tuanze na ngoma. Kinachotawala ni berimbau, upinde wa waya mmoja wenye kibuyu, unaopigwa kwa kijiti huku jiwe au sarafu ikiugusa waya ili kubadili sauti. Wachezaji wawili huchuchumaa mbele yake na hawaanzi mpaka waruhusiwe. Berimbau ikipiga mdundo uitwao Angola, mchezo huwa wa polepole, wa chini, watu wakikaribiana kwa hila. Ikipiga São Bento Grande, miguu inapaa na kasi inaongezeka. Upo pia mdundo uitwao Cavalaria, unaosemekana kuwa ulitumika zamani kuwatahadharisha wachezaji kwamba askari wa farasi wanakuja.

Hatua ya msingi ni ginga. Mguu mmoja unarudi nyuma, mkono wa upande huohuo unapanda kuukinga uso, halafu upande wa pili, bila kutulia. Mgeni hudhani ni madoido. Kazi yake ni kumnyima adui shabaha iliyosimama na kumficha mguu utakaokuja. Kutoka hapo huja meia-lua de compasso: mkono unashika chini, mwili unageuka, na kisigino kinafika kikiwa na uzito wa mwili mzima nyuma yake. Huja rasteira, ambayo sisi tungeiita mtama, maana unamchota mtu mguu aliousimamia wakati mwingine uko hewani. Huja pia kichwa, anachopigwa kifuani au tumboni mtu aliyejipindua bila kujilinda. Ngumi ni chache.

Katika mchezo mzuri mapigo mengi hayatui. Mjuzi humwonyesha mwenzake kwamba angeweza kumpata, kisha anauzuia mguu, na waliozunguka duara wanaelewa nani kazidiwa. Ujanja huu wa kumvuta mtu mpaka ajifungue mwenyewe wanauita malícia, na wazee wa kapoeira huuthamini kuliko teke lolote. Aliyewahi kuona kirumbizi cha Lamu hatapata tabu kulielewa jambo hili: ngoma inapigwa, wawili wanaingia uwanjani na bakora, mbwembwe ni nyingi, na uzembe unalipiwa.

Kuna hadithi inayorudiwa kila mahali kwamba watumwa wa Kiafrika huko Brazili waliyafanya mapigano yafanane na ngoma ili mabwana wao wasishtuke. Inapendeza, ila mimi siiamini sana. Mchoraji wa Kijerumani Johann Moritz Rugendas alichapisha mwaka 1835 picha ya watu weusi wakicheza kapoeira huku mmoja akipiga ngoma, na katika kichwa cha picha hiyo akaiita ngoma ya vita. Basi hata mgeni wa Ulaya hakudanganyika. Polisi wa Rio de Janeiro nao walikuwa wakiwakamata wachezaji tangu mwanzo wa karne ile, tena mikusanyiko ya ngoma za watumwa yenyewe ilitiliwa shaka. Nani angeficha kosa moja ndani ya jingine? Naona ni rahisi zaidi kusema kwamba watu waliotoka Angola na Kongo, na wa Msumbiji waliopelekwa Rio kwa wingi katika karne ya 19, walitoka katika jamii ambazo ngoma na mashindano ya nguvu havikutenganishwa. Visiwani Komoro hadi leo kuna mrenge, ngumi zinazopiganwa kwa ngoma, na hakuna anayesema ngoma ile ni ya kuficha kitu.

Kwamba kapoeira iliumiza watu, sheria ndiyo shahidi. Rio ya karne ya 19 ilikuwa na magenge yaliyoitwa maltas, makubwa yakiwa Nagoas na Guaiamuns, yenye kutembea na nyembe na kukodiwa na wanasiasa wakati wa uchaguzi. Brazili ilipokuwa jamhuri, kanuni ya adhabu ya mwaka 1890 iliifanya kapoeira ya barabarani kuwa kosa la kifungo cha miezi 2 hadi 6, na wengi walihamishiwa kisiwa cha Fernando de Noronha. Serikali haiwatendei wachezaji ngoma namna hiyo.

Mwaka 1909, huko huko Rio, Ciríaco, mtu mweusi aliyelelewa na kapoeira ya mitaani, alimwangusha kwa teke la kichwani Sada Miyako, mwalimu wa jiujitsu kutoka Japani. Baadaye Salvador, katika jimbo la Bahia, Mestre Bimba (mestre ni mwalimu mkuu) aliona kapoeira imelegea, imekuwa ya kuwafurahisha watazamaji. Akaunda mtindo wake, uliokuja kujulikana kama Regional, akaongeza mbinu za batuque, mchezo wa kuangushana aliourithi kwa baba yake, na kupanga mafunzo kwa mfuatano maalumu. Wanafunzi wake wa juu aliwapeleka porini na kuwavizia. Mwaka 1936 alipanda ulingoni kuwakabili waliotaka kumjaribu, akawashinda. Mwaka uliofuata shule yake ikatambuliwa na serikali. Mestre Pastinha alikwenda njia nyingine. Mwaka 1941 alianzisha kituo chake cha kapoeira Angola, akihifadhi mchezo wa taratibu, wa ibada na hila. Wote wawili waliona kwamba wanafundisha kapoeira ya kweli, na wafuasi wao bado wanabishana.

Sasa, leo inafaa kwa kupigana? Mbinu zenyewe zinafaa. Meia-lua de compasso imewazimisha watu katika mapambano ya mchanganyiko wa mitindo, na José Aldo, bingwa wa zamani wa UFC, ligi kubwa ya mapambano hayo, alianzia kapoeira utotoni. Shida iko kwenye mazoezi. Mwanafunzi anayecheza miaka mitano na mwenzake anayesubiri zamu yake, asiyemshika, asiyempiga ngumi ya uso, hajawahi kujaribiwa. Akikutana na mwanandondi anayesogea, au mtu wa mieleka anayemkumbatia kiunoni, kupinduka kote kule kunakosa nafasi. Kupinduka kichwa chini mbele ya mtu anayekusudia kukuumiza ni kumkabidhi mbavu zako.

Faida anayobaki nayo ni umbali, wepesi wa kukwepa, na mateke ya pembe ambazo watu wengi hawajazoea kuziona. Si haba. Akiongeza ngumi na mieleka kutoka kwingine atakuwa mpinzani mgumu. Akibaki na duara peke yake atakuwa mchezaji hodari wa duara, na hilo halina aibu. UNESCO ilipoiingiza roda, yaani duara la kapoeira, kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, iliuenzi mkusanyiko mzima, nyimbo na ala zikiwemo.

Ukitaka kujiandikisha mahali, nenda kwanza ukatazame. Angalia kama wanafunzi wanapigana mitama kweli na kuanguka, kama mwalimu anasimamisha mchezo kumwonyesha mtu alipojiacha wazi, au kama jioni nzima inaishia kwenye sarakasi na picha. Na uliza nani atakufundisha kupiga berimbau, kwa sababu shule isiyojali ala hiyo inakuuzia mateke tu, na mateke utayapata kwa bei nafuu zaidi kwenye taekwondo.