Hofu ya sekunde chache na jeraha la ubongo

Mgonjwa akinieleza kuwa hupatwa na hofu ya ghafla, jambo la kwanza ninalomuuliza ni muda: hofu hiyo hukaa kwa muda gani? Halafu namuuliza kama kila ikija huja kwa namna ileile.

Shambulio la kawaida la hofu hupanda, hufika kileleni ndani ya kama dakika 10, kisha hushuka polepole. Hofu inayoletwa na kifafa huzuka bila kisa na kwa kawaida huisha kati ya sekunde 30 na dakika 2. Nayo hujirudia bila kubadilika: kitu kinapanda kutoka tumboni kuja kooni, harufu ya kuungua ambayo wengine hawaisikii, hisia kwamba tukio hili lilishatokea zamani. Walio karibu humwona amekodoa macho, anatafunatafuna ilhali mdomo ni mtupu, haitiki akiitwa. Baadaye huenda asikumbuke lolote.

Chanzo mara nyingi kiko ubavuni mwa ubongo, usawa wa sikio, ilipo amigdala, fungu dogo la seli linalotambua hatari. Kovu la zamani, uvimbe au mishipa ya damu iliyoumbika vibaya vinaweza kuzichokoza seli hizo zikafyatua umeme ovyo. Moyo huenda mbio na jasho hutoka, ingawa hakuna cha kuogopa.

Hata hivyo amigdala haimiliki hofu yote. Mwaka 2013 watafiti nchini Marekani waliwavutisha hewa yenye asilimia 35 ya kaboni dioksidi watu watatu ambao amigdala zao zimeharibika pande zote mbili. Wote walishikwa na hofu kali. Kwangu huo ni ushahidi mzito kwamba hofu ina njia zaidi ya moja.

Uvimbe wa sehemu ya mbele ya ubongo hujitokeza zaidi kama ubaridi na kutojali, familia ikadhani ni sonona.

Watu wengi wenye wasiwasi hawana jeraha lolote, wala sioni haja ya kumpeleka kila mmoja kwenye MRI, yaani kipimo cha picha za ubongo kwa sumaku. Huagiza kipimo hicho pale wasiwasi unapoanza uzeeni kwa mara ya kwanza, tabia inapobadilika, au kunapokuwa na degedege, udhaifu wa upande mmoja au maumivu mapya ya kichwa. EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, ikitoka safi haiondoi uwezekano wa kifafa, kwa sababu huenda imepimwa wakati ubongo umetulia. Ndiyo maana nawaomba ndugu wa mgonjwa: hali ikianza, mrekodini kwa simu, mniletee video hiyo.