Kandambili Hazifai kwa Mguu Wenye Ganzi

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na mama mmoja wa jumuiya ya kanisa. Wamechanga, wamenunua unga, sabuni na jozi 30 za kandambili kwa wazee wetu walioathirika na ukoma. Akauliza: "Sista, tukiviacha getini si inatosha? Maana wengine bado wana vidonda."

Nimelijibu swali hili miaka yote ya uuguzi wangu, na safari hii naliandika. Kidonda kile si ukoma. Wazee wale walimaliza MDT, yaani dawa mseto za ukoma, wengine miezi 6, wengine 12, na vimelea vilikufa zamani. Hata aliyeanza dawa juzi, baada ya siku chache hamwambukizi mtu. Ingieni, wapeni mkono, kuleni nao. Dawa zenyewe ni bure tangu 1995, kwa hiyo huko hamdaiwi mchango.

Kilichobaki ni ganzi. Dawa huua kimelea, haifufui mshipa wa fahamu uliokwisha kufa.

Watu husema ukoma hula vidole. Hauli! Wewe ukikanyaga kokoto unachechemea, unabadili mwendo bila hata kufikiri. Mwenye ganzi anaendelea kukanyagia palepale kutwa nzima. Sugu inakuwa nene, nyama iliyo chini yake inapondeka, damu inavilia, mwisho panapasuka. Uchafu ukifika kwenye mfupa, mfupa unaoza, na miaka ikipita kidole kinafupika hadi kinaisha. Mkono nao huharibiwa na kikombe cha bati chenye chai ya moto, au mpini wa jembe. Wapo wanaotafunwa na panya usingizini, wakaja kujua asubuhi kwa damu iliyo kwenye shuka. Nyumba kama hiyo naishauri ifuge paka kabla sijatoa bandeji.

Sasa kandambili. Ili isivuke, vidole lazima viibane ile kamba ya katikati. Mguu wenye ganzi, tena misuli imelegea, hauwezi. Kiatu kinavuka njiani, mwenyewe hana habari, anafika nyumbani peku. Kamba nayo inamchana katikati ya vidole. Raba za mtumba zinazobana ni hatari zaidi, kwa kuwa hasikii zikimbana. Kinachofaa ni sandali yenye mkanda wa nyuma, juu mpira laini wa kupokea uzito, chini tairi kama la katambuga ili mwiba usipenye. Fundi atumie gundi na uzi, asipige msumari hata mmoja. Na kila mguu uchorwe kwenye karatasi peke yake, kwa sababu hata miguu ya mtu mmoja hailingani.

Hapa kuna jambo linaloninyima raha. Tulifundishwa kwamba mgonjwa akielimishwa atavaa. Bibi mmoja aliniambia sandali za kliniki huvaa nyumbani tu. Akienda sokoni anaziacha, kwani zinamtangaza. Sikuwa na jibu. Siku hizi namwomba fundi azifananishe na zinazouzwa barabarani, na sina hakika kama kwa kufanya hivyo nimepunguza kinga. Pia kwenye rejista naandika "amemaliza matibabu", jina linatoka, na kidonda chake hakina safu ya kuandikwa. Neno "amepona" linanikwama.

Mkitaka kuchangia fedha, changieni nauli. Reaksheni, yaani kinga ya mwili kushtukia mabaki ya vimelea, inaweza kuja hata baada ya dawa kuisha: mishipa ya fahamu inavimba, mkono unaanza kulegea, na prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, ikiwahi inaweza kuuokoa. Anayesubiri mavuno ndipo apate nauli, huchelewa. Wanaoishi naye nyumba moja nao wakaguliwe ngozi. Sare za wajukuu zipitishieni kwa wazazi kimyakimya, mtoto asiitwe mbele ya paredi.

Jana mama yule alinipigia tena. Unga unakuja, kandambili zimerudishwa dukani. Aliuliza karatasi za kuchorea miguu ziwe za ukubwa gani. Nimemwambia aje Jumamosi na kalamu yake, nitamwonyesha jinsi ya kuushika mguu, achore mwenyewe.