Kugawanya si lazima kupunguze

Katika magrupu ya wazazi hapa Moshi huzunguka ujumbe kwamba 3 ÷ ¼ = 12 ni kosa la kitabu, eti kugawanya hupunguza. Si kosa. Chukua kilo 3 za mchele wa soko la Mbuyuni, pima robo robo: kila kilo inatoa vifuko 4, jumla 12. Ndiyo maana tunapindua ¼ kuwa 4 na kuzidisha. Inapinduliwa ile inayogawa tu. Ukipindua 3 kuwa ⅓ utakosea: ⅓ × ¼ = 1/12. Hakiki: 12 × ¼ = 3.

Mkanganyiko unatoka kwenye namba nzima, ambako 12 ÷ 4 hushuka kweli. Tena “gawanya kwa nusu” husikika kama “gawa mara mbili”, kumbe 6 ÷ ½ ni 12, si 3. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.